King'ora cha Carrow Fork

Ijumaa ile kurasa za jarida zilikuwa zifungwe ziende mtamboni saa kumi alasiri, na saa sita mchana nilikuwa nimebakiza sentensi moja tu bila mstari. Kwa bahati yangu mbaya, ndiyo iliyofungua makala. Nikasema moyoni, Roz, leo umepatikana.

Mimi ni mhakiki wa jarida moja hapa New York, mwaka wa ishirini na mbili huu. Mwandishi akileta makala, nachonga penseli na kuanza kupiga simu. Ukiandika kwamba mzee fulani ana mbwa mweusi, nitampigia huyo mzee nimuulize rangi ya mbwa wake. Akisema ni mweusi, neno "mbwa" linapata mstari wa penseli na neno "mweusi" linapata wake. Neno lisilo na mstari haliendi mtamboni. Waandishi wananichukia mpaka siku ninapowaokoa, halafu wiki inayofuata wananichukia upya.

Verna Prokop hakunichukia hata siku moja. Alikuwa na miaka hamsini na mitano, na ndiyo kwanza alikuwa anatuandikia. Alianzia kwenye gazeti la wilaya huko kwenye milima ya Pennsylvania, akiandika bei za ng'ombe, harusi na vifo, na mjane alitakiwa ataje jina la marehemu herufi kwa herufi hata kama ni jina rahisi kama Smith. Akahamia Pittsburgh, akaandika habari za viwanda vya chuma mpaka viwanda vikafungwa, na gazeti lenyewe likafungwa nyuma yake. Miaka thelathini na minne ya kazi, na hakuna mahali alipoandika neno "mimi". Alikuwa akisema, "Msomaji hana shida na mimi. Ana shida na habari."

Sasa alikuwa amefika kwenye habari aliyoizunguka maisha yake yote. Mwaka 1949 bwawa la kampuni ya makaa ya mawe lilipasuka alfajiri juu ya mji wao wa Carrow Fork. Watu mia mbili na kumi na mmoja walikimbilia mlimani, hakufa hata mmoja. Mlinzi wa bwawa alikuwa baba yake, Emil. Mchapishaji wa vitabu alishamwambia Verna wazi: makala ikitoka katika toleo hili, kitabu kipo, isipotoka, basi.

Na sentensi yenyewe ilisema: "Saa kumi na moja na nusu alfajiri Emil Prokop alipiga king'ora, na Carrow Fork ikaamka."

Nilikuwa nimeshawapigia watu wanne waliokuwepo. Huyu aliamshwa na mama yake, yule na jirani, wengine wawili hawakumbuki. King'ora hakukisikia mtu.

Mhariri wetu, Lyle Brandt, akachungulia mlangoni. "Roz, vipi?"

"King'ora hakina mstari."

"Unatania."

"Mimi nikatania siku ya Ijumaa?"

"Basi sikiliza. Sentensi hiyo ikianguka, makala yote inaanguka nayo. Nina mcheza sinema na mbwa wake watatu, wamekaa tayari wanasubiri nafasi. Saa kumi, Roz. Si saa kumi na dakika moja."

Verna alikuwa amekaa kando ya meza yangu na mfuko wa madaftari miguuni, anakula sandwichi yangu ya mayai. Nikamgeukia.

"King'ora ulikipata wapi?"

"Nilikisikia mwenyewe. Nilikuwa na miaka sita. Mpaka leo nakisikia."

"Nani mwingine ulimuuliza?"

Akaacha kutafuna. Akaiweka sandwichi mezani polepole.

"Hakuna," akasema. "Roz, mimi mjinga. Watu wazima nimewauliza walivaa nini miguuni, nikaandika soksi zao mpaka rangi. Hili sikumuuliza mtu, kwa sababu nilikuwa nalijua."

Nilitaka kumzaba kofi, na nilitaka kumkumbatia. Nikachukua daftari lake badala yake. "Nani alikaa karibu zaidi na bwawa?"

"Agnes Dudash. Yuko Arizona kwa binti yake. Nimempigia mara mbili, ananiambia hajambo, anakata."

Nikapiga. Binti akasema mama yuko saluni. Nikaomba namba ya saluni. Mwenye saluni akasema Agnes yuko chini ya mashine ya kukaushia nywele, hasikii kitu. Nikamwambia, dada, izime hiyo mashine, kuna mtu kazi yake ya maisha yote inategemea kichwa hicho. Akaizima.

"Nani?" Agnes akafoka. "Nywele zangu ziko nusu!"

"Mhakiki wa jarida, mama. Swali moja tu. Alfajiri ya bwawa, wewe uliamshwa na nini?"

Sisi hatumtajii mtu jibu. Tunauliza na kunyamaza.

"Honi," akasema.

Penseli ikanidondoka. "Honi ya nini?"

"Ya pikapu la Emil Prokop. Umeme ulikatika na mvua tangu jioni, king'ora kingelia na nini? Emil anakimbia nyumba kwa nyumba anapiga milango mateke, na pikapu linapiga kelele barabarani halinyamazi."

"Kama Emil yuko milangoni, honi anapiga nani?"

"Kasichana kake," akasema. "Kamesimama juu ya kiti na nguo za kulalia, mikono yote miwili kwenye honi, kanalia na kanabonyeza, kanalia na kanabonyeza. Nikapita na mwanangu kifuani, nikakaambia basi, mama, tumeamka. Kakaniambia, baba amesema nisiache."

Nikaweka simu chini. Verna alikuwa ananitazama usoni. Nikamwambia haraka haraka: haikuwa king'ora, ilikuwa honi ya pikapu, na aliyeipiga ni mtoto wa Emil. Mengine ya Agnes sikumwambia.

Akainama, akaniokotea penseli, na mwandishi akarudi ndani yake.

"Shahidi mmoja," akasema.

"Verna, ni saa nane na nusu!"

"Shahidi mmoja ni uvumi, Roz. Tafuta wa pili."

Nilimtukana kwa mapenzi yote niliyokuwa nayo. Tukapekua madaftari tukiwa tumepiga magoti sakafuni, mpaka tukampata Stanley Wojcik, mpeleka maziwa wa zamani, ambaye sasa anauza vyakula vya mifugo Ohio. Simu yake ilikuwa inatumika. Ikawa inatumika tena. Saa tisa na dakika tano akapokea, nikamuuliza nani alipiga honi.

"Mtoto wa Emil," akajibu bila kufikiri. "Tulimbandua kwenye usukani pikapu lilipofika kanisani juu mlimani. Vidole vimekufa ganzi. Baadaye akawa anaweweseka usiku, Emil akatuapisha tusimkumbushe kamwe. Mwenyewe akipiga simu huwa tunakata. Lakini wewe si yeye, umeuliza, nimejibu. Hajambo lakini?"

"Yuko hapa, anakula sandwichi yangu."

Stanley akacheka mpaka akakohoa.

Verna alishavuta kibodi yangu. Akaandika, akafuta, akaandika: Emil Prokop aligonga milango, na binti yake akapiga honi.

"Binti yake yupi?" nikauliza.

"Alikuwa naye mmoja tu!"

"Ana jina? Msomaji atamjuaje?"

Akatoa tusi zito la wachimba makaa. Akafuta, akaandika neno ambalo hakuwahi kuliandika. Nikachapa ukurasa, nikakimbiza penseli. Emil, mstari. Milango, mstari. Honi, mstari. Lyle amesimama mlangoni, saa mkononi, hathubutu hata kukohoa.

Likabaki neno moja. Saa tisa na dakika hamsini na sita.

"Verna, nakuuliza kikazi. Aliyepiga honi ni wewe?"

Akaitazama mikono yake juu ya kibodi. Akatabasamu tabasamu la mtoto, machozi yanamtiririka.

"Ni mimi," akasema. "Baba alisema nisiache."

Maneno hayo sikuwa nimemwambia. Nikapiga mstari.