Bolti Ndani ya Klachi

Kulwant Singh alisikia yowe la mwanamke, na papo hapo masikio yake yakangoja mlio mwingine: ta-ta-ta-ta, meno ya chuma yakirukana. Mlio haukuja. Injini iliendelea kunguruma kama kawaida yake, na yowe likazidi kupanda.

Alikuwa nje ya banda la mashine, katika shamba la mkonge nje kidogo ya Ruiru, akishusha sanduku kutoka kwenye pikapu. Aliliachia sanduku likaanguka mavumbini, akakimbia.

Alipoingia, rola zilikuwa ndiyo kwanza zinasimama. Warigia, mwanamke wa makamo aliyekuwa akipokea nyuzi upande wa nyuma wa mashine, alikuwa amechukua mti na kuusukuma mkanda wa injini mpaka ukachomoka kwenye gurudumu lake. Mwenzake, Katunge, alikuwa amepiga magoti mbele. Mkono wake wa kulia ulikuwa umeingia kati ya rola mbili hadi kwenye kifundo, umefungwa na nyuzi mbichi za mkonge. Hakuwa akipiga kelele tena. Aliutazama ule mkono kana kwamba ni wa mtu mwingine.

"Waheguru!" Kulwant alimwita Mungu wake, na sauti yake mwenyewe ikamtisha.

Alichomoa spana mfukoni, akalegeza skrubu za rola ya juu, Warigia akamkumbatia Katunge kwa nyuma na kumvuta taratibu. Mkono ukatoka. Vidole vitatu havikuwa vidole tena. Kulwant alivua kilemba, akakipasua kwa meno, akaufunga mkono kwa nguvu huku nywele zake ndefu zikimwagika mabegani. Wafanyakazi waliokuwa wamejaa mlangoni, waliomjua miaka yote kwa jina la Kalasinga na kile kilemba chake cha buluu, walishika vinywa.

Hapo ndipo alipogeuka kuitazama klachi.

Klachi ile ilikuwa mtoto wake. Kulwant alikuwa amezaliwa Thika, baba yake fundi wa reli, akapelekwa Uingereza kusomea uchoraji wa mashine, na aliporudi alirudi na kichwa kilichojaa vitu vipya: beringi zilizozibwa zisizohitaji grisi kila asubuhi, nati zisizolegea kwa mtikisiko, springi za chuma kigumu kilichopoozwa katika mafuta. Kati ya vyote alivyovichora katika karakana yake ya Thika, hakuna alichokipenda kama klachi ya usalama. Ilikuwa sahani mbili za chuma zenye meno, moja imeunganishwa na injini na nyingine na rola, na springi nene ikizibana pamoja. Kitu kigumu kikinasa kwenye rola, meno yanarukana, injini inazunguka bure na rola zinasimama. Siku ya majaribio alikuwa ameingiza mgomba mzima mbele ya meneja wa shamba. Rola ziliung'ata kidogo tu, zikasimama. Watu walipiga makofi.

Sasa, kupitia sahani zote mbili, palikuwa na tundu safi lililotobolewa kwa keekee, na ndani ya tundu hilo bolti nene imekazwa kwa nati. Sahani zile zisingeweza kuachana hata rola zingemeza jiwe.

Aliigusa ile bolti kwa kidole ili ahakikishe haoni ndoto. Kwenye kichwa cha bolti palikuwa na alama ndogo ya msalaba, iliyopigwa kwa patasi. Ni alama iliyopigwa kwenye kila bolti iliyokerezwa katika karakana yake. Na katika karakana yake, aliyekereza bolti ni mtu mmoja tu.

Alimpandisha Katunge kwenye pikapu pamoja na Warigia, akaendesha kuelekea Thika kupitia Kalimoni, mashimo ya barabara akiyapita bila kuyaona. Kwenye kizuizi askari alitaka pasi ya Warigia, kama alivyoitaka kwa kila Mkikuyu. Akamwona Kalasinga ana nywele wazi, akaona damu, akainua mti bila kuuliza zaidi.

Katunge alipopokewa hospitali, Kulwant alikwenda moja kwa moja karakana. Kagwe, fundi wake, alikuwa ameinama kwenye mashine ya kukereza. Walikuwa wamefanya kazi pamoja tangu Kulwant aliporudi nchini. Na hata serikali ya kikoloni ilipotangaza Hali ya Hatari, Wakikuyu wakawa wanakamatwa njiani kama kuku, Kulwant ndiye aliyekwenda kwa D.O., ofisa wa wilaya, kumwombea Kagwe pasi ya kwenda Ruiru kila mwisho wa mwezi kukagua mikanda.

"Kagwe. Nani ametia bolti kwenye klachi ya Ruiru?"

Kagwe aliinua uso. Aliona nywele, akaona shati lenye damu. Akazima mashine.

"Nani ameumia, Bwana Singh?"

"Nimekuuliza wewe!"

"Ni mimi nilitia." Alijifuta grisi mikononi. "Niambie ni nani."

"Katunge."

"Ngai!" Kagwe aliketi sakafuni, juu ya vinyoleo vya chuma, akajishika kichwa. "Ngai, Katunge! Ndiye aliyeniomba."

Kulwant alikuwa amekuja na matusi yote ya Kipunjabi na ya Kiswahili yamejaa mdomoni, yakapotea yote. Alikuwa amedhani ni amri ya meneja, au ujinga, au hata uadui. Hakuwa amefikiria hilo.

"Alikuomba? Akuombe umkate mkono?"

"Walikuja wote, kina mama wa banda zima. Wakasema mashine inasimama kila saa. Nyuzi zikiwa zimeloa, inasimama. Fungu likiwa nene kidogo, inasimama. Kazi ya siku haiishi, nyapara hawawekei alama kwenye kadi, siku inapotea bila malipo. Katunge alinishika shati akalia. Nikakataa mara ya kwanza. Mara ya pili nikashindwa."

"Kwa nini hukuniambia?"

Kagwe alimtazama. "Ulikuwa na furaha sana na hiyo klachi," alisema polepole. "Nikaogopa."

Kulwant alitoka nje akasimama kando ya ukuta.

Kesho yake alikwenda hospitali. Katunge alikuwa amelala, mkono umefungwa bandeji kubwa kama mzinga. Alipomwona alijaribu kuketi.

"Usimfukuze baba Idah," alisema kabla hata ya salamu. Hilo ndilo jina ambalo kina mama walimwitia Kagwe, kwa binti yake. "Ni mimi nilimsumbua."

"Ulijua kile kitu ni cha kukulinda, mama?"

"Nilijua. Ulituonyesha kwa mgomba." Aliitazama ile bandeji. "Lakini mgomba hauna watoto, Kalasinga. Mimi nilihitaji mashine iende."

Kulwant alitoka mle akaenda moja kwa moja Ruiru, akaing'oa ile bolti, akamwambia meneja kwamba anataka kukaa mwenyewe mbele ya mashine siku nzima, mahali pa Katunge.

Meneja, mzungu mwenye uso mwekundu, aliondoa kiko mdomoni. "Wewe nataka fanya kazi ya bibi? Wewe, injinia?"

"Ndiyo, bwana."

Meneja alicheka mpaka akakohoa. Akaruhusu.

Kulwant akavaa aproni, akaketi. Warigia alisimama upande wa nyuma wa mashine bila kutabasamu. Mwanzoni mambo yalikwenda vizuri. Kisha ikaja mvua ya asubuhi, nyuzi zikaletwa zimeloa chepechepe, na klachi ikaanza. Ta-ta-ta-ta. Akaondoka kwenye kiti, akalegeza nati, akachomoa nyuzi zilizonasa, akairudisha springi, akakaza, akaketi. Ta-ta-ta-ta. Akaondoka tena. Mafungu yalizidi kurundikana pembeni mwake. Nyapara alipita, akatazama rundo, akatikisa kichwa, akaenda. Ta-ta-ta-ta. Jasho lilimtiririka ndani ya kilemba, vidole vikawasha kwa utomvu wa mkonge, na ule mlio alioupenda kuliko muziki ukaanza kumchoma kama mtu anayemzomea.

Alipoinama mara nyingine, hakuwa akifikiri. Mkono wake ulikuwa umeshika spana, na spana ilikuwa inaikaza springi kupita alama nyekundu ya usalama aliyoichora mwenyewe. Aliikaza mzunguko mmoja. Mzunguko wa pili.

"Unafanya nini?" Warigia aliuliza.

Kulwant aliutazama mkono wake. Hata saa sita ya mchana ilikuwa haijafika. Hakuwa na nyapara wa kumnyima alama, wala watoto wanaongoja unga, na tayari alikuwa ameibana ile klachi kwa mikono yake mwenyewe. Aliirudisha nati haraka kama mwizi aliyefumaniwa, akaketi chini kwenye matope. Warigia aliizunguka mashine, akamletea maji kwenye kibuyu, na kwa mara ya kwanza tangu ajali akasema naye kwa upole.

"Sasa umejua," alisema.

Kulwant aliporudi Thika aliubandua mchoro wa zamani ukutani. Alimwita Kagwe kwenye ubao wa kuchorea, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, wakakaa pamoja. Kila mmoja alikuwa na aibu yake. Springi waliiacha ikazwe, ivumilie nyuzi zilizoloa. Ulinzi wakauhamishia mahali pengine: fimbo ya chuma iliyopita mbele ya mfanyakazi, usawa wa tumbo. Mtu akivutwa na mashine, mwili wake unaisukuma fimbo, nayo inazitenganisha sahani za klachi na kuinua rola ya juu kwa wakati uleule. Kuirudisha ni kuvuta wenzo mmoja tu. Spana haihitajiki, wala kuinuka.

Meneja alisema ile klachi ya kwanza inatosha, ikazwe tu. Lakini Warigia na wenzake walikataa kugusa mashine isiyo na fimbo. Walikaa nje ya banda, mkonge ukaoza kwenye malori, mpaka meneja akasalimu amri.

Siku walipoifunga ile fimbo kwenye mashine, Katunge alikuja, mkono umepona vibaya, vidole viwili vimebaki. Alikuwa anarudi kwao Machakos. Alisema anataka kuona kwanza. Kagwe aliwasha injini bila kuthubutu kumtazama usoni. Katunge alisogea mpaka mbele ya rola. Akaegemeza tumbo kwenye fimbo, polepole, kama mtu anayeegemea mlango wa jirani.

Rola ya juu ikainuka. Rola zote zikasimama.

Katunge hakurudi nyuma. Aliishika fimbo kwa mkono wake mzima, akaisugua, akaitazama kutoka ncha hadi ncha. Ilikuwa chuma cha kawaida, unene wa mwiko.

"Hiki tu?" aliuliza. Akamgeukia Kulwant, macho yamemtoka. "Hiki tu ndicho kilichokuwa kinakosekana?"

"Hiki tu, mama," Kulwant Singh alisema.