Mistari Ndani ya Jiwe

Tangu asubuhi nilikuwa maabara. Kesho yake Baba angesimama mbele ya wataalamu wenzake aseme, kama alivyosema maisha yake yote, kwamba lile shimo kubwa la duara lilichimbwa na volkano. Wapinzani wake wanasema ni kimondo. Yeye huwaita watazama mbingu, nao humwita Mzee Moshi. Na mimi, bintiye na msaidizi wake maabara, nilikuwa nimesaga jiwe la shimo hilo likawa jembamba la kupitisha mwanga, nikaona mistari ndani ya punje zake.

Volkano haiachi mistari ya namna ile, kimondo huacha. Ila kusaga nako hukwaruza, na Mungu anajua nilivyoomba iwe mikwaruzo. Mkwaruzo hutoka punje hii ukaingia ile. Mstari wa kimondo hukomea kwenye mpaka wa punje. Yangu ilikomea. Nikazima taa ya hadubini, nikatoka nje kupumua.

Maabara ile ina sheria moja, kaiweka Baba mwenyewe: aliyeona kwanza hafungui mdomo mpaka wa pili atazame. Nifunge mdomo, mimi huyu! Nilidhani nitapasuka.

Niliporudi ndani, Baba akaja, akapapasa kiti, akainamia hadubini.

"Mikwaruzo," akasema. "Umekandamiza mno, mama. Si nilikuambia haraka haraka haina baraka?"

"Inapita punje hadi punje, Baba?"

"Moja kwa moja. Naiona vizuri kabisa."

Hasira zikanipanda. Mzee mzima anakana kitu kilicho mbele ya macho yake. Nikasogea nimbishie, ndipo nikaona taa bado imezimwa. Kwa kiherehere changu nilisahau kuiwasha. Baba alikuwa anatazama giza.

Hasira ikaisha, nikabaki na woga. Nikakumbuka chai anayomimina nje ya kikombe, na magazeti anayodai siku hizi hayana habari. Nikabonyeza swichi.

"Tazama tena, Baba."

Aliusikia mlio wa swichi. Hakuinama. Akavua miwani, akaiweka mezani.

"Nisomee wewe," akasema taratibu.

Nikainama, machozi yakinisumbua. "Inakomea mpakani. Punje zote."

"Kwa hiyo ni kimondo."

"Ndiyo, Baba."

Akautafuta mkono wangu mpaka akaupata.

"Basi kesho utasimama wewe," akasema. "Ila unishike, kule ukumbini kuna ngazi."