Pijo Orijino

Mvua ya Bwaise haibishi hodi. Ilipoingia tena katika stoo ya Abdul-Karim, maji yalipanda juu ya matofali yaliyoiinua Pijo, gari la zamani la Mzee Asuman, yakaingia milangoni, na yalipotoka yaliacha tope hadi kwenye viti. Abdul-Karim, muuza magunia na rafiki wa Asuman tangu ujana, alimpigia simu akamwambia bila kuzunguka: gari liondoke, au lioze pale pale.

Asuman hakuwa na pa kulipeleka. Alikuwa akiishi kwa binti yake Nuriat huko Ntinda, ghorofani, mahali ambapo hata baiskeli haina pa kuegemea. Pijo ilikuwa imelala Bwaise tangu alipofariki Rahmah, mkewe, miaka mingi sasa, na kila mwaka Asuman alisema mwaka huu naiamsha. Mwaka ukiisha, anaahidi mwingine.

Tuseme ukweli, gari lenyewe lilikuwa kichekesho. Lilitoka kiwandani Pijo 504 nyeupe yenye adabu zake. Asuman akaliingiza kwa mafundi wa Katwe, akalitoa likiwa na boneti iliyorefushwa, mabawa ya bati nyuma, taa za Benzi mbele, honi ya lori, na rangi ya kijani iliyochanganywa na ya maziwa. Vijana wa barabarani walimwuliza kama linapaa. Hakuwajali. Lilikuwa gari la maharusi, na kwa miaka na mikaka Wanubi wenzake wa Kampala na Bombo hawakuhesabu harusi kuwa harusi kama bibi harusi hakupanda Pijo ya Asuman.

Lakini uzuri wenyewe ulikuwa ndani, juu. Rahmah aliifuma dari yote kwa ukindu wa rangi, duara kwa duara, kama tabaga, zile kawa ambazo wanawake wa Kinubi hufunikia chakula. Kila bibi harusi aliyepanda, mama yake alikata ukanda mwembamba kwenye gurbaba yake mwenyewe, nguo ya kujitanda aliyoivaa siku ile, na Rahmah akaupenyeza katikati ya ukindu. Baadaye wasichana hao walikuja kulala chali kwenye kiti cha nyuma, wakitafuta ukanda wa mama zao na kugombana wao kwa wao kwa vicheko. Nuriat naye alikuwa na wake pale. Ukimwuliza Asuman kaburi la mkewe liko wapi, atakuambia liko Bombo, lakini akitaka kumkumbuka alikwenda Bwaise, akaingia garini, akatazama juu.

Ndiyo maana hakutaka kuuza, na ndiyo maana sasa ilimbidi auze. Ukindu na maji havipatani. Kwenye kona moja ukungu ulikuwa umeshaanza.

"Sitaki mtu wa vyuma chakavu," alimwambia Nuriat. "Nataka mtu ataitunza vile iko."

"Basi umwambie, Baba. Umwambie juu pale ni kazi ya Mama."

"Nitamwambia."

Aliyepatikana aliitwa Ongom, mwanajeshi mstaafu, Mwacholi anayeishi Mbuya, aliyekuwa na banda la magari ya zamani nyuma ya nyumba yake. Alikuja Bwaise amevaa gambuti, akaizunguka Pijo polepole, mikono nyuma, kama anayekagua gwaride. Asuman alimpenda papo hapo, kwa kuwa hakuyacheka mabawa.

"Mzee, hii gari imelala sana," Ongom alisema. "Lakini yeye hajakufa. Mimi naweza kuamsha yeye."

Akafungua mlango wa nyuma, akaingiza kichwa, akainua macho. "Na hii ya juu?"

Sasa, Asuman ni mtu wa kizamani. Katika malezi yake mwanamume hamtaji mkewe mbele ya mwanamume mgeni; jina la mke si bidhaa ya kutembezwa sokoni. Mtu husema nyumbani. Nyumbani wanakusalimu, nyumbani wanaumwa, nyumbani wamejifungua. Maisha yake yote ya ndoa, na hata baada ya kuzika, Asuman hakuwahi kulitamka jina la Rahmah mbele ya mwanamume asiye ndugu. Alifungua mdomo siku ile akitaka kusema kama alivyoagizwa na binti yake, na ulimi ukafuata njia uliyoizoea.

"Hiyo ni kazi ya nyumbani," alisema.

Ongom aliitikia kwa kichwa, kwa upole. "Ndiyo, naona. Ya nyumbani tu."

"Ya nyumbani. Sasa naomba kitu moja, afande. Hii gari ibaki orijino. Uniahidi."

Uso wa Ongom ukang'aa. "Mzee, wewe na mimi tuko kitu moja. Watu wanaharibu hizi gari. Mimi naapa kwako: orijino tupu."

Wakapeana mikono. Kampala, orijino ni kile kisicho feki, na kwa Asuman hapakuwa na kitu duniani kisicho feki kuliko dari ile. Gari la kuvuta lilipoikokota Pijo kutoka kwenye tope, alilia waziwazi barabarani, akiwa na uchungu lakini ametulia, kama mzazi anayemwoza binti kwa watu wema. Usiku ule alilala vizuri.

Miezi ikapita. Ongom alikuwa akipiga simu kumpa habari: kuna taa amezipata Nairobi, kuna bampa anaisubiri kutoka mbali, lakini mzee asije kwanza, anataka amshangaze.

"Taa za nini?" Nuriat aliuliza. "Si ina taa?"

"Labda za zamani zimekufa maji," Asuman alimjibu.

Siku alipoitwa Mbuya alivaa kanzu iliyopigwa pasi na kofia ya sikukuu. Ongom alimpokea getini, akamshika mkono hadi bandani. Pale mbele ilisimama Pijo nyeupe, boneti fupi, nyuma imenyooka, inang'aa kama sahani mpya. Asuman aliisifu kwa adabu, kisha akatazama huku na huku.

"Na ile yangu iko wapi?"

Ongom alicheka kwa raha, maana alikuwa akiisubiri sekunde hiyo tangu mwanzo. "Mzee, si ndiyo hii."

Asuman akaikaribia. Aliitambua kwa kovu dogo kwenye kioo cha nyuma. Akafungua mlango, akaingia, akatazama juu. Dari ilikuwa ya plastiki nyeupe, laini, ya kiwandani, na hapakuwa na chochote cha kusoma.

"Ile ya juu," alisema taratibu. "Mliweka wapi?"

"Ile? Tulitoa yote, mzee. Mafundi walichoma, ilikuwa na ukungu, ingeleta magonjwa. Na yale mabawa, na ile honi, yote. Vile uliniambia. Sasa yeye iko vile alizaliwa."

Asuman aliitafuta hasira moyoni mwake na hakuipata. Huyu bwana alikuwa ameapa, na amekitimiza kiapo chake hadi msumari wa mwisho. Wangapi siku hizi hufanya hivyo? Alikuwa amehangaika miezi mizima, akasaka vipuri nchi za watu, ili amfurahishe mzee asiye hata wa kabila lake. Wahenga walisema mficha uchi hazai, na Asuman aliuficha wake kwa neno moja tu.

"Kuna kitu imepungua?" Ongom aliuliza, akimwangalia usoni kwa wasiwasi. "Sema, mzee. Nitatafuta hata Ulaya."

Jina lilimpanda hadi kooni. Lakini kulisema sasa kungekuwa kumbebesha mtu mwema maiti asiyemuua.

"Hakuna, afande," Asuman alisema. "Umefanya vile ulisema."

Ongom alimwendesha hadi Ntinda kwa Pijo ile ile, akipiga soga njia nzima kuhusu injini, na watu kwenye foleni wakawanyooshea kidole gumba. Asuman alikaa kiti cha nyuma na hakuinua macho tena.

Nuriat alimfungulia mlango, na swali lake lilikuwa tayari. "Dari wameisafisha?"

"Wameichoma."

Alimvua babaye kofia, akamkalisha. Kisha akamwuliza: "Baba, ulimwambia ni kazi ya Mama?"

"Nilimwambia ni ya nyumbani."

Nuriat hakumlaumu. Alikuwa amekulia ndani ya neno hilo, akaitwa kwalo yeye na mama yake. Machozi yalimtoka akayaacha yashuke.

"Yule ni Mwacholi, Baba. Kwake nyumbani ni nyumba."

"Najua, mwanangu. Najua sasa." Asuman alikuwa akiitazama mikono yake mapajani. "Nimemsitiri mama yako maisha yangu yote, mwanamume wa nje asisikie hata jina lake kinywani mwangu. Nimemsitiri mpaka hakuna tena mahali anapoonekana."