Majani ya Katavi, Jiwe la Nkwabi

Mume wangu Nkwabi ni mbishi. Nasema hivyo kwa mapenzi, lakini nasema. Jiwe lilipomkalia kwenye figo ya kushoto, alijikunja kwa maumivu mpaka akashindwa kufungua zizi, na bado alinitazama usoni akaniambia, "Mama Agape, ng'ombe haelemewi na nunduye."

"Nundu haimlizi ng'ombe," nikamjibu. "Panda pikipiki."

Ndivyo tulivyofika Mpanda, kwa binti yetu Agape anayekaa Nsemulwa, wiki ile madaktari bingwa walipokuja hospitalini. Daktari wa figo alikuwa mwanamke, anaitwa Prisila, mdogo kuliko nilivyotegemea. Alikuwa ameshatazama picha za kipimo, akatueleza bila kuzunguka. Jiwe limeota matawi kama tangawizi, limejaza figo. Likiachwa, figo itakufa, na inaweza kuondoka na mwenyewe. Yeye atatoboa tundu dogo mgongoni, apitishe kifaa chembamba, alivunjevunje jiwe na kulitoa.

Nkwabi alimsikiliza kwa heshima zote. Kisha akauliza, "Mwanangu, hiyo njia umeshaipita?"

"Wagonjwa wengi nimewafanyia, mzee."

"Wengine ni wengine. Ya kwangu umeshaipita?"

Daktari akanigeukia mimi. Agape akainamisha kichwa kwa aibu. Ikabidi nieleze, maana bila kuelezwa mtu angedhani mume wangu hana akili.

Sisi ni watu wa ng'ombe, tulihamia huku kutoka Kishapu. Katika ukoo wetu mtu hahamishi mifugo kwa habari za kusikia. Mwenye mji, yaani baba wa nyumba, hutangulia mwenyewe kwa miguu, aone maji yako wapi na mbung'o wako wapi, halafu hurudi na majani ya huko mkononi. Mke huyanusa, ng'ombe hupewa aonje, ndipo mke anasema, "Twende." Asiyerudi na kitu, hakufika. Nkwabi alipokuja kuitafuta Katavi, mimi nilibaki na mimba ya huyu Agape, namlaani na kumwombea kwa pumzi moja. Alirudi amekonda, viatu vya tairi vimekatika, na fungu la majani makavu amelificha chini ya shati. Nikayanusa. Yalinuka jasho lake. Nikasema twende, na kusema kweli sikuwa nayasemea majani.

Nilitegemea daktari acheke. Hakucheka. Alifungua sanduku akatoa miwani mikubwa myeusi, ya kufunika nusu ya uso.

"Mzee, njia yako nimeipita jana, na leo asubuhi nimeirudia," akasema. "Kompyuta imechukua zile picha zako ikatengeneza mfano wa figo yako. Ukivaa hii unajiona uko ndani yake. Nilijaribu kuingilia juu, nikaona pafu liko karibu mno. Nikajaribu katikati, pana mshipa wa damu. Nitaingilia chini."

Nkwabi akavua kofia. "Nivalishe na mimi."

Akavalishwa. Kitu cha kwanza alichoomba ni fimbo yake, nikampa. Akasimama katikati ya chumba, akainama kama anayepita mlango mfupi, akapiga hatua moja na kusimama.

"Mwadila!" akasalimia, kwa sauti ya kuita wenye nyumba.

Agape alijiziba mdomo kwa kitenge. Mimi nilicheka mpaka machozi. "Unamwamkia nani humo, baba Agape?"

"Mtu haingii mahali kimya kama mwizi," akajibu, akaendelea. Daktari alikuwa amemshika kiwiko asijigonge, akimwelekeza: hapa ndipo mlango, huo mwekundu ndio mshipa, sasa tazama mbele.

Akaegemea fimbo. Kisha akasema, "Nyamizi."

Jina langu halitamki hovyo. Alilitamka siku mama yake alipofariki, na siku mafuriko yalipochukua ndama zetu.

"Nyamizi, ni kubwa."

Akanyoosha mkono, akakunja vidole hewani, akavuta taratibu, akatia alichokipata kwenye mfuko wa shati. Akarudia tena. Ilipovuliwa ile miwani, aliingiza vidole mfukoni, akapekua mpaka pembeni. Safari hii hakuna aliyecheka.

"Nimefika," akasema akikaa. "Njia ipo, daktari hajasema uongo. Ila sina cha kukuonyesha." Akaninyooshea kiganja kitupu. "Useme wewe."

"Sahihi ya kukubali upasuaji ni ya kwako, mzee," daktari akamkumbusha kwa upole.

"Sahihi nitaweka, mwanangu. Lakini huyu ndiye anayesema."

Jamani. Mimi ndiye niliyemsukuma mpaka hapo, mimi na mdomo wangu. Nilimwona akilini amelazwa kifudifudi, amelala usingizi usio wake, mkono wa mtu mwingine uko mgongoni kwake. Nikisema twende asirudi, neno langu ndilo litakuwa limemzika. Nikisema tusiende, namtazama anavyokwisha taratibu. Niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa porini.

Nikauvuta ule mkono mtupu, nikaunusa. Ulinuka sabuni ya hospitali, na kwa chini, ng'ombe.

"Twende," nikasema.

Walimwingiza kesho yake asubuhi. Agape alininunulia chai, ikapoa mikononi mwangu. Nilimlaani Nkwabi na kumwombea kwa sauti, kama zamani, mpaka muuguzi mmoja akaja kuniuliza kama nina shida na mtu. Mwisho daktari Prisila akatoka, kofia ya kijani bado iko kichwani, akasema jiwe limetoka na figo ni nzima. Nilimkumbatia mbele za watu.

Nkwabi alikuwa wodini, midomo imepauka, macho yanafumbuka na kufumba. Ngumi ya kulia aliikunja juu ya shuka. Muuguzi akaniambia kwamba tangu azinduke akapewa na daktari alichokiomba, hajakubali kukiachia.

"Mama Agape," akasema aliponiona. "Nimerudi."

Akafungua vidole. Kilikuwa kikopo kidogo cha plastiki chenye mfuniko, ndani yake vipande vya manjano, vidogo kama chenga za mchele. Nikakifungua, nikanusa. Havikunuka chochote. Machozi yalinitoka, sikuyafuta.

Yeye alikuwa ananitazama, ananingoja niseme.

"Twende nyumbani," nikamwambia.