Namba Saba Imepita

Neno lenyewe ni moja tu, na nililiandika mwenyewe: imepita.

Kazi yangu ni kupima vyuma vya mabomba. Nakata kipande cha aloi, nakipima uzito, nakitumbukiza kwenye asidi ya moto siku thelathini, kisha nakipima tena. Kilichopungua ndicho kilicholiwa. Kwa mizani, namba saba haikupungua hata chembe. Lakini nilipoiinua kwenye taa, lo! Katundu kadogo, mwanga unapenya. Nikaandika kwenye safu ya maoni: "Na. 7 imepita." Asidi, jamani! Asidi ndiyo imepita! Mkuu wa maabara akasoma aloi imepita, yaani imefaulu, akasaini. Mimi huyo, likizo.

Niliporudi, mabomba ya namba saba yameshafungwa kiwandani, na mdogo wangu, kitinda mimba wetu, amepangwa chini yake kuangalia valvu.

Nilimvamia mkuu ofisini. Akavua miwani.

"Dada, kiwanda hakizimwi kwa sababu ya neno. Pima upya, niletee majibu."

"Majibu ni siku thelathini!"

"Basi anza leo."

Nilitamani kumrushia kiti. Nikaanza siku hiyo hiyo, ningefanyaje?

Mdogo wangu nilipomwambia alicheka mpaka akashika mbavu. "Dada bwana! Utotoni uliniambia kuna mamba kwenye beseni. Wenzangu nimeshawatoa hofu: bomba hili kapima dada yangu."

Leo ni siku ya kumi na moja. Asubuhi, akifunga viatu, akasema tu, "Lile bomba lako siku hizi linatoa jasho."

Nikamng'ang'ania shati. "Usiende. Nakuomba, mdogo wangu."

Akanibandua vidole, kimoja kimoja, bila ukali. "Nitachelewa, dada."

Mkuu nimemwambia, kasema nilete kwa maandishi. Simu haziruhusiwi kule ndani. Nimempigia mara tisa, najua inalia kabatini. Nikaandika: bomba linavuja. Nikayasoma maneno hayo mara tatu, nikiogopa hata herufi zangu.

King'ora kikalia kabla sijapeleka karatasi. Nilikimbia hadi getini. Wenzake wanatoka wakikohoa, macho mekundu. Nikamshika fundi wa kwanza kola.

"Mdogo wangu yuko wapi?"

"Amebaki kufunga valvu," akasema. "Tulimvuta, akagoma. Anasema bomba kapima dada yake."