Alichotumwa Kusema

Kikundi kilipomchagua mshonaji awe mwakilishi wao, yeye alicheka akidhani wanamtania. Alijijua. Wenzake walimwita Cherehani, na si kwa sababu ya kazi yake tu: akishaanza kusema, mpaka umshike mkono ndipo asimame. Mtu wa namna hiyo unampaje kazi ya kusema yale tu aliyotumwa? Lakini mikono kumi na mmoja ilinyooshwa, naye akabaki amekaa kwenye kiti kidogo, magoti karibu yagonge kidevu. Walikuwa wakikutana katika darasa la chekechea, na viti vya watu wazima humo havikuwemo.

Walikuwa watu waliokuwa wakinywa pombe na sasa hawanywi. Kila Jumanne na Ijumaa, watoto wakishaondoka, walikaa duara wakaambiana ukweli, kisha wakapanga viti kama walivyovikuta na kwenda zao. Lililosemwa humo liliachwa humo. Aliyeonekana humo hakutajwa nje, si kwa mkewe, si kwa bosi wake, si kwa mtu yeyote. Kazi ya mwakilishi ilikuwa kwenda kila mwezi kwenye mkutano wa vikundi vyote, kusema kile wenzake walichokubaliana, na kurudi na majibu. Mmoja wao akilazwa au akifiwa, ni yeye vilevile aliyetumwa kutoa pole. Malipo hakuna, na lawama zipo tele.

Aliyekuwa akimwachia nafasi hiyo alikuwa mchora mabango, mwanamume mrefu mwenye rangi kwenye kucha, waliyemwita Brashi. Alikuwa na miaka mitatu na miezi minne bila kugusa chupa. Kwa majuma matatu alimfundisha kazi, akimsahihisha kila alipotia chumvi yake mwenyewe kwenye maneno ya watu.

"Dada, mdomo huu si wako," alimwambia. "Umeazimwa. Wasilokutuma, usiseme."

Cherehani alimjibu kwamba waliomwazima mdomo wangemwazima na breki. Brashi alicheka mpaka akashika ukuta.

Siku ya mwisho ya mafunzo hayo walitembea pamoja hadi kituo cha basi, na hapo ndipo Brashi alipomsimulia habari za baba yake. Mzee alikuwa seremala. Miaka tisa iliyopita, Brashi aliuza randa za mzee, misumeno na patasi, vyote kwa siku moja, akavinywa. Mzee alimfukuza. Kabla ya hapo Brashi alikuwa ameshamwahidi mara nne kwamba anaacha, na mara zote nne ahadi haikumaliza juma. Nyumbani kwa mzee palikuwa mwendo wa basi mbili tu, lakini alikuwa hajakanyaga huko tangu siku ile. Alisema safari hii hataki kwenda na maneno matupu. Atakwenda akitimiza miaka mitano, ili mzee asiwe na la kumuuliza.

Jumatatu iliyofuata asubuhi, Brashi akiwa juu anachora bango la duka la dawa, kipago cha ngazi kilikatika. Alifika hospitali akiwa ameshakufa.

Basi kazi ya kwanza ya Cherehani kama mwakilishi ikawa kwenda kumzika aliyemfundisha.

Kikundi kilikutana kabla ya mazishi kuamua atumwe na maneno gani. Cherehani alitaka aruhusiwe kuwaambia ndugu ukweli, maana alishasikia kinachosemwa huko kwao: mlevi, angefanya nini juu ya ngazi zaidi ya kuanguka? Mwalimu mstaafu, ambaye ndiye aliyekaa humo miaka mingi kuliko wote, alikataa. Alisema wakianza kufungua midomo kwa sababu mtu amekufa, kesho aliye hai atawaamini vipi? Hakusema kwa ukali, na macho yake yalikuwa mekundu. Walibishana, wakachoka, wakakubaliana. Mwakilishi atasema: sisi ni marafiki zake, tunalia pamoja nanyi. Basi. Cherehani alikubali shingo upande.

Jeneza mzee alilitengeneza mwenyewe. Cherehani aliyezoea kukagua mishono aliangalia pembe zake, akaona zilivyokutana bila hata ufa wa kupitisha uzi, na hapo akashindwa kujikaza. Alilia kama mtoto wa marehemu, watu wakaanza kuulizana huyu ni nani. Mzee alisimama kuwashukuru waliokuja. Alisema mwanawe alikuwa na mkono mzuri, na pombe ilimnyang'anya mkono huo.

Watu walipoanza kutawanyika, mzee alimfuata pale alipokuwa amesimama karibu na uzio. Cherehani akamwamkia, akatoa maneno aliyotumwa, neno kwa neno. Mzee akaitikia, kisha akasogea karibu.

"Binti yangu, nikuulize kitu kimoja. Siku ile, alipanda ngazi amelewa?"

Cherehani alikuwa na jibu. Lilikuwa neno moja tu, hata mtoto wa chekechea angeliweza. Lakini akisema hapana, mzee atamuuliza amejuaje, na akieleza amejuaje atakuwa amefungua mlango ule ambao wenzake kumi wamekubaliana ufungwe. Hana hata majuma mawili kazini. Alimsikia Brashi akimwambia wasilokutuma, usiseme. Maisha yake yote hakuwahi kukosa la kusema, na siku hiyo ulimi ulimganda. Aliinamisha kichwa.

"Mimi nimetumwa kutoa pole tu, baba," alisema.

Mzee akatikisa kichwa polepole, akionyesha ameelewa. Akamshika bega.

"Asante kwa kutonidanganya," alisema, akarudi kwa watu wake.

Ijumaa Cherehani aliwasimulia wenzake yote kama yalivyokuwa, bila kuongeza wala kupunguza, jinsi alivyofundishwa. Alipofika mahali mzee alipomshukuru, mwalimu mstaafu alivua miwani, akamuuliza kwa sauti ya chini kama kweli alishindwa hata kusema hapana. Cherehani akamjibu kwamba hawakumtuma kusema hapana. Hakujibu kwa jeuri. Alijibu huku machozi yakimtoka, kwa sababu alijua kosa ni lake, na wao walijua ni lao. Walikuwa wamemlindia mwenzao siri yake vizuri mno, mpaka akazikwa na aibu isiyo yake.

Safari hii hawakubishana. Mwalimu mwenyewe alipendekeza mwakilishi arudi kwa mzee amwambie kila kitu: kikundi, viti vidogo, miaka mitatu na miezi minne. Mikono ilinyooshwa kumi. Wa kumi na moja ungekuwa wa Brashi.

Jumamosi alipanda basi mbili. Njiani alijiandalia maneno, akayarudia kimoyomoyo, na kwa mara ya kwanza tangu msiba moyo wake ulikuwa mwepesi. Akilini alimwona mzee akisikia habari hiyo, akishusha pumzi, akimshukuru Mungu. Alifika hata kufikiri labda mzee atataka kumkumbatia, naye akajiuliza kama itakuwa adabu.

Alimkuta karakanani akipiga randa mguu wa meza. Mzee alimfutia vumbi kwenye benchi akamkaribisha. Cherehani hakuzunguka. Alimwambia yeye na mwanawe walikuwa katika kikundi cha watu walioacha pombe, kwamba siku ile ya mazishi alinyamaza kwa kuwa hakuwa na ruhusa, na kwamba sasa ametumwa kuja kusema.

"Hakuwa amelewa, baba. Ngazi ilivunjika. Alikuwa na miaka mitatu na miezi minne hajaonja hata tone."

Mzee hakushusha pumzi. Aliiweka randa chini taratibu, akaketi.

"Miaka mitatu," alisema.

"Na miezi minne."

"Na alikuwa akikaa wapi?"

Cherehani alimtajia mtaa. Mzee alijua ni basi mbili, maana huwa anakwenda huko kununua gundi na skurubu. Alikaa ameshika tama, akiangalia mlango uliokuwa wazi.

"Siku ile ulipoinamisha kichwa," alisema, "nilirudi ndani nikalala. Tangu waniletee habari sikuwa nimepata usingizi. Nilijiambia, haya, alikuwa bado anakunywa, ndiyo maana hakuja. Pombe haikumwachia njia. Hilo niliweza kulibeba." Akamgeukia. "Sasa unaniambia mwanangu alikuwa mzima. Na hakuja kwangu."

Maneno yote aliyoyaandaa Cherehani yaliyeyuka. Alifungua mdomo akajikuta anasema ambalo kikundi hakikumtuma, na safari hii hakujali. Alimweleza habari za ahadi nne zilizovunjika. Alimweleza jinsi Brashi alivyoona haya kurudi na ahadi ya tano, jinsi alivyokuwa akihesabu, na jinsi alivyotaka aje na miaka mitano kamili ili mzee asipate shaka. Alisema haraka haraka, kama anayekimbiza mtu aliyekwisha panda basi.

Mzee alimsikiliza hadi mwisho.

"Nani alimwambia nataka mitano?"

Cherehani alitoka pale alipokuwa, akaenda kuketi karibu naye, wote wawili wakiangalia mlangoni. Mzee alikuwa analia sasa, bila sauti, na hakujifuta.

"Angekuja na siku moja," alisema. "Ningeipokea. Hata ile ambayo angeshindwa kuimaliza."