Kila Mtu Hutafuta Paa la Kwao

Mdogo wangu tunamwita Spana, maana tangu shuleni hana mfuko usio na spana ndani yake. Ni fundi baiskeli. Jumamosi ile alinijia asubuhi na mapema na baiskeli mbili, minyororo imepakwa mafuta, akasema, "Dada, umeikalia cherehani mpaka mgongo umepinda. Leo twende kwenye ngome ya kale, ukapunge upepo."

Nilifurahi, mjinga mimi. Tangu msiba wa Baba, miezi saba, ndugu zangu walikuwa hawana neno nami ila la nyumba. Kaka mkubwa alitaka ibomolewe, ajenge vyumba vya maduka. Mimi naishi humo na Mama, chumba cha mbele ndicho ninachoshonea, na paa nililipaka rangi ya buluu kwa mikono yangu, siku nne nzima. Nikawaambia, mkitaka kuibomoa, mnibomoe mimi kwanza. Mama akasema, "Na mimi pamoja naye." Tulikuwa wawili, tukatosha. Spana peke yake hakusema kitu, nami nikadhani ni huruma.

Barabara ya kwenda ngomeni inazunguka bonde zima. Hatujafika nusu, gurudumu langu likaisha upepo. Spana, mtu anayeziba pancha huku anapiga soga bila hata kutazama, siku hiyo alichukua saa nzima. Akasugua mpira, akapaka gundi, akaupuliza, akasugua tena.

"Leo fundi umesahau kazi?" nikamtania. Akacheka kidogo, macho chini.

Mbele kidogo likaisha tena. Tulipofika mapaja yalikuwa yananiwaka moto, na jua lilishapita utosini.

Ngome ina ngazi mia mbili na kumi na mbili, nyembamba, zimelika katikati kwa nyayo za watu waliokufa zamani. Nilipanda nikishika ukuta, nikipumzika kila kona. Spana yuko nyuma. "Polepole, dada. Hatuna haraka." Alilisema hilo mara nyingi mno.

Juu tulimkuta mwongoza wageni, binti mcheshi mwenye darubini shingoni. "Poleni na ngazi! Kila anayefika hapa kwanza hutafuta paa la kwao. Kwenu upande gani?"

"Sisi tunatazama huku," Spana akadakia, akinishika bega kunigeuzia msituni.

"Kwetu ni msituni, kwani sisi nyani?" nikamuuliza, nikapokea darubini.

Barabara ndiyo inayozunguka; ukilivuka bonde kwa macho, kwetu ni karibu tu. Nikalitafuta paa la buluu. Nusu ilikuwepo. Nusu nyingine ilikuwa mbao tupu, na wanaume watatu walikuwa juu yake wakishusha mabati.

Nikamgeukia mdogo wangu. Hakuuliza nimeona nini. Ndipo nikaelewa zile pancha.

"Cherehani iko salama," akasema haraka haraka. "Iko kwa jirani, imefunikwa vizuri. Dada, ungekuwepo ungelala mlangoni, pangekuwa hapatoshi. Kaka alisema asiyekuwepo na lake halipo."

"Na aliyenifanya nisiwepo ni nani?"

Akainamisha kichwa. Huyu nilimbeba mgongoni. Baiskeli nilimfundisha mimi, nikikimbia nyuma nimeshika siti asianguke.

"Mama mmempeleka wapi?" nikauliza. "Mmemdanganya nini mama wa watu?"

Nikairudisha darubini machoni, nikamtafuta kwa jirani, nikamtafuta barabarani. Nikamwona uani, kwenye kiti chake, ameinyoosha fimbo yake. Nilidhani anawafukuza. Bati likashushwa, akaonyesha pembeni kwa fimbo, wakaliweka pale pale. Likashuka la pili. Akatikisa kichwa, akawaonyesha walisogeze, wakalisogeza.

"Mmepaona kwenu?" binti akauliza kwa furaha.

Spana alinigusa kiwiko. "Dada, tushuke."

"Nishuke niende wapi?"